Msumeno na Makali Yake: Dhidi ya Uhakiki wa Kuhesabu katika Kuusoma Mfululizo wa Filamu za Saw

Makala haya yanakusudia kupinga mambo mawili yaliyozoeleka mno katika mijadala yetu kuhusu sanaa pendwa, na hasa kuhusu filamu za kutisha zenye umwagaji mkubwa wa damu. La kwanza ni dai kwamba filamu ya mwendelezo, kadiri inavyozidi kuwa mbali na ile iliyoanzisha mfululizo, ndivyo inavyozidi kuwa makapi. La pili ni dai la wale wanaojiona kuwa wamelikwepa kosa hilo, kwamba mwendelezo huweza kuuhuisha mfululizo, ila kwa sharti la kuvumbua njia mpya za kuua. Madai haya huonekana kama maadui. Kwa maoni yetu ni ndugu wa tumbo moja, maana yote mawili huhesabu pale yanapopaswa kusoma. Moja huhesabu matoleo, jingine huhesabu maiti.

Mfano tutakaoutumia ni mfululizo wa Saw, yaani "Msumeno". Tumeuchagua kwa sababu ni mrefu, kwa sababu ulitolewa kwa mpigo wa kiwanda, na kwa sababu ndio ambao wanaodharau filamu za aina hii huutaja kwanza wanapotaka kushinda mjadala haraka. Filamu ya kwanza ilitoka mwaka 2004, kazi ya vijana wawili wa Australia, James Wan aliyeielekeza na Leigh Whannell aliyeiandika na kuigiza ndani yake. Ilipigwa kwa siku 18, ikagharimu zaidi kidogo ya dola milioni moja na kuingiza zaidi ya milioni mia moja. Tangu hapo hadi 2010 ilitolewa filamu moja kila mwaka, saba kwa jumla. Kisha zikafuata Jigsaw (2017), Spiral (2021) na Saw X (2023). Kumi, basi. Hoja yetu ni kwamba ya sita, ambayo wengi hawakuitazama, ndiyo iliyoutia mfululizo huu uhai mpya. Na kwamba ya kumi, iliyopokewa na wahakiki kwa sifa ambazo hakuna iliyotangulia ilizipata, imeuhifadhi kama maiti iliyopakwa dawa isioze.

Tuanze na wale wanaohesabu matoleo, ambao hawatatuchukulia muda mrefu. Dai lao lina umbo la mantiki: kitu kikirudiwa huchakaa, mwendelezo ni marudio, kwa hiyo mwendelezo umechakaa. Inashangaza kuwa dai hili hutolewa na watu waliolelewa katika taaluma ya fasihi simulizi. Ni wao wanaowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba hadhira ya ngano huujua mwisho kabla fanani hajafungua kinywa. Ni wao wanaofafanua jinsi Propp alivyoonyesha, mwaka 1928, kuwa mamia ya matukio ya ngano za Urusi hurudi kwenye majukumu 31 tu. Hakuna anayesema kuwa Sungura amechakaa. Na tukija kwenye maandishi, mwanafunzi gani tungemruhusu aikatae Kosa la Bwana Msa (1984) ya Muhammed Said Abdulla kwa sababu tu ilikuja zaidi ya miaka ishirini baada ya Mzimu wa Watu wa Kale (1960), na mpelelezi bado ni yule yule mwenye kiko? Tungemwambia akaisome. Tunachowadai wenzetu ni kwamba sheria hiyo hiyo itumike hata pale ambapo kazi yenyewe inawatia kinyaa. Kinyaa si hoja, ingawa ni haki ya kila mtu.

Wanaohesabu maiti ni mahasimu wagumu zaidi kwa sababu wamezitazama filamu zenyewe. Hawa, na wamo miongoni mwa wanafunzi wetu wa uzamili walio hodari sana, humtegemea Shklovsky na makala yake ya 1917 kuhusu sanaa kama mbinu. Mazoea, husema, huua hisia. Kazi ya sanaa ni kukifanya kitu kilichozoeleka kionekane kigeni. Basi mtego uliozoeleka hauna budi kubadilishwa na mtego usiowahi kuonekana. Hapo ndipo tunapofikishwa kwenye tasnifu zenye majedwali ya mitego, kila mmoja na viungo vinavyokatwa.

Tunasema kwamba huku ni kumsoma Shklovsky kinyumenyume. Hakusema kuwa msanii atafute kitu kigeni. Alisema kuwa msanii akifanye kigeni kile tulicho nacho. Mtego mpya ni kitu kigeni tangu mwanzo. Haukufanyi ukione upya chochote ulichokuwa ukikipita kila siku. Na mfululizo wenyewe umetoa ushahidi. Saw IV (2007) na Saw V (2008) zina mitego mingi, na baadhi imebuniwa kwa akili. Lakini mtu akizitazama mfululizo hukumbuka zaidi kuchoka kuliko kuogopa. Ya nne inafunguka kwa upasuaji wa maiti ya muuaji, fuvu na tumbo, bila haya na bila kukatiza. Ni tukio la damu kuliko yote yaliyotangulia, na halina mtu ndani yake anayeweza kuumia. Ni mfano halisi wa damu iliyotengana na jambo. Ile ya 2010, ya saba, ilitegemea miwani ya picha zenye kina ili vipande vya miili virukie uso wa mtazamaji. Virukavyo vilifika usoni. Havikufika mbali zaidi ya hapo.

Ili kuelewa ya sita ilifanya nini, yafaa kukumbusha msingi wa hadithi. John Kramer, anayeigizwa na Tobin Bell, ni mhandisi aliyepatwa na saratani. Baada ya kujaribu kujiua na kushindwa, anaamini kuwa ameitambua thamani ya uhai, na anajipa kazi ya kuwafundisha wengine somo hilo kwa nguvu. Huwateka watu anaowaona kuwa wanaupoteza uhai wao, huwafunga katika mitambo, huwaachia sauti katika kaseti, na huwapa nafasi ya kujiokoa kwa kujikata, kujichoma au kujivunja. Daima husisitiza kwamba yeye si muuaji. Ni mwalimu, na mwanafunzi ndiye anayechagua. Katika filamu ya kwanza wanaume wawili wamefungwa minyororo ndani ya bafu chafu, maiti kati yao, na kila mmoja amepewa msumeno usioweza kukata chuma ila waweza kukata mguu. Mwishoni maiti inasimama: ndiye mwalimu, aliyekuwa amelala sakafuni muda wote akisikiliza.

Kramer anauawa mwishoni mwa filamu ya tatu (2006). Hili ni jambo la kimsingi, na ndilo lililowafanya wengi waamini kuwa mfululizo ulipaswa kuishia hapo. Aliyebaki ni mwanagenzi, askari mpelelezi Hoffman, ambaye ana ukatili wa bwana wake bila falsafa yake. Ya nne na ya tano zinahangaika na swali la nani amerithi mitambo. Ni swali la mirathi, na kama ilivyo kawaida ya kesi za mirathi, ni refu na linachosha.

Ya sita (2009) iliongozwa na Kevin Greutert, ambaye hakuwahi kuelekeza filamu kabla ya hapo. Alikuwa mhariri wa picha wa zile tano zilizotangulia. Jambo hili hutajwa kama kijibahati cha kazini, lakini tunaliona kuwa lina uzito. Mhariri ndiye anayejua nyuzi zinapopitia. Waandishi walikuwa Patrick Melton na Marcus Dunstan, wale wale wa ya nne na ya tano, kwa hiyo si suala la vipaji vipya kuja kuokoa jahazi. Watu wale wale, mitambo ile ile, sauti ile ile katika kaseti. Kilichobadilika ni anayeketishwa katika kiti cha mwanafunzi.

Tazama tukio la kwanza. Mwanamume na mwanamke wamefungwa vichwa katika mitambo itakayotoboa mafuvu yao. Ni wakopeshaji: kazi yao ilikuwa kuwapa mikopo watu waliojua kuwa hawataweza kuilipa. Mbele yao kuna mizani. Kila mmoja ana sekunde 60 za kukata nyama ya mwili wake na kuitupa mizanini; atakayetoa uzito mkubwa ataishi. Mwanamume, mnene, anakata tumbo. Mwanamke, mwembamba, anaona kwamba hawezi kushinda kwa vipande, na anaukata mkono mzima.

Hakuna msomaji wa Kiswahili wa rika letu anayeweza kuitazama mizani ile asimkumbuke Shylock. Na sisi tuna njia yetu ya pekee ya kumkumbuka, kwa sababu Julius Nyerere, alipoifasiri tamthilia ile ya Shakespeare mwaka 1969, hakuwaita wahusika wale wafanyabiashara tu, aliwaita mabepari. Mabepari wa Venisi. Kwa neno hilo moja mfasiri aliuhamisha mzigo wa kosa, ukatoka kwa mkopeshaji mmoja na kulikalia soko zima. Sisemi kuwa waandishi wa filamu hii walimsoma Nyerere. Ninasema kuwa wamefanya kitendo kile kile. Katika tamthilia, hekima ya Portia inaizuia nyama isikatwe kwa sababu mkataba haukutaja damu. Katika filamu hakuna Portia. Damu imo mkatabani tangu mwanzo, na anayekatwa si mdaiwa bali mdai. Mwaka mmoja kabla, 2008, mabenki makubwa ya Marekani yalikuwa yameporomoka kwa mikopo ya nyumba ya aina hiyo hiyo. Watazamaji wa Oktoba 2009 hawakuhitaji kuelezwa.

Kisha anakuja mhusika mkuu, William Easton, mkurugenzi katika kampuni ya bima ya afya. Ametunga kanuni ya hesabu inayoamua mgonjwa yupi anastahili kugharamiwa na yupi hastahili. Ana kikosi cha wafanyakazi sita ambao kazi yao ni kuyapekua maombi ya bima na kutafuta kosa litakalohalalisha kumnyima mtu malipo. Kwa kanuni hiyo amemnyima mtu mmoja, Harold Abbott, ambaye amekufa. Kwa kanuni hiyo hiyo amemnyima John Kramer. Na sasa Kramer, aliye kaburini, anamlazimisha aitumie kanuni yake kwa watu wanaomtazama machoni.

Hapa ndipo tunapoona kile Shklovsky alichokitaka. Kitu cha kila siku, cha ofisini, cha karatasi na mihuri, kinafanywa kigeni. Easton anapewa watu wawili: karani kijana, mwenye afya, asiye na jamaa, na katibu muhtasi, mama wa makamo, mgonjwa wa kisukari, mwenye familia. Kwa kanuni yake jibu ni wazi: kijana aishi. Anamwokoa mama. Baadaye anawakuta wale wafanyakazi sita wamefungwa katika mtambo unaozunguka kama pembea za watoto, bunduki ikimlenga kila anayefika mbele. Anaweza kuwaokoa wawili tu, na kwa kila mmoja lazima aache mkono wake utobolewe. Wale sita, ambao maisha yao yalikuwa kuyapekua makosa ya wengine, wanaanza kuombeana mabaya, kila mmoja akitoa sababu ya mwenzake kufa. Mmoja, alipoona kuwa hataokolewa, anamdai mkurugenzi asigeuze uso, amtazame anapomuua. Ombi hilo halina uhusiano wowote na teknolojia ya mtego. Bunduki ni chombo cha kale, na pembea ni mchezo wa watoto. Kinachotisha ni kwamba tukio lenyewe si geni: ndivyo maombi yalivyokuwa yakikataliwa ofisini kila asubuhi, ila huko hapakuwa na uso.

Wakati filamu hii inatolewa, Baraza la Wawakilishi na Seneti ya Marekani zilikuwa katikati ya mabishano makali juu ya bima ya afya. Sheria iliyotokana nayo ilitiwa saini Machi 2010. Wapo watakaosema, na wamesema, kwamba huu ni uchangamfu wa gazeti: kazi inayotegemea habari za wiki itakufa pamoja na wiki hiyo. Tunawajibu kwa fasihi simulizi tena. Fanani hodari hutazama nani ameketi barazani. Fisi wa leo anapewa tumbo la mtu fulani, hadhira inaguna, na ngano ya kale inakuwa ya jioni hii. Jioni ikipita ngano haifi, kwa kuwa ilichokipata jioni hiyo ni ushahidi kwamba bado inaweza kumfikia mtu. Sisi ambao hatujawahi kuishi chini ya bima ya Marekani tunaielewa filamu hii barabara. Hata hapa kwetu wapo waliowahi kusimama mbele ya dirisha la hospitali wakisubiri karani aseme kama kadi "imekubali".

Lakini thamani ya ya sita haiko katika kumchagua mwovu anayefaa. Kama ingekuwa hivyo tu, ingekuwa filamu ya kisasi, na kisasi kinapatikana kwa bei nafuu kila mahali. Thamani yake iko katika mambo mawili yanayomrudi Kramer mwenyewe. La kwanza ni yule mwanamke wa mizani. Baadaye tunamkuta hospitalini, na Hoffman anamuuliza kama amejifunza chochote. Anamfokea, anamwonyesha mkono uliokatika na kumuuliza somo hapo liko wapi. Katika filamu tano zilizotangulia, waliookoka aghalabu walivunjika akili au waligeuka wanafunzi watiifu. Huyu ameokoka na anakataa somo, kwa sauti kubwa. Mfululizo mzima unatikisika kwa sentensi yake, maana kama somo halifundishi basi mwalimu ni mchinjaji.

La pili ni mwisho. Muda wote tumeonyeshwa mama na kijana wake wamefungiwa katika kizimba, na tumedhani, kwa sababu mpangilio wa picha umetufanya tudhani, kuwa ni mke na mtoto wa Easton wanaomsubiri. La hasha. Ni mjane na mwana wa Harold Abbott. Easton amefaulu mitihani yake yote. Ameumia, amechagua, amelia. Kwa vigezo vya Kramer amezaliwa upya. Sasa hukumu imewekwa mikononi mwa waliodhulumiwa, na mbele yao kuna wenzo wenye njia mbili. Mama anashindwa kumuua. Kijana anauvuta wenzo, na Easton anakufa kwa sindano za asidi mbele ya dada yake, ambaye ndiye jamaa halisi aliyekuwa akimsubiri. Kijana hakosei kuhusu baba yake. Wala hatufurahi. Filamu ya tatu ilikuwa imemjaribu baba aliyefiwa kwa swali la kusamehe. Ya sita inalirudia swali lile lile na kuonyesha kuwa jibu lake haliwezi kutengenezwa kwa mtambo. Huo ndio upya wa kazi ya mwendelezo: inachukua swali ambalo mfululizo ulidhani umelimaliza na kulionyesha kuwa liko wazi.

Tusiifanye kazi kamilifu. Sehemu zinazomhusu Hoffman na barua iliyoandikwa kwa mwanagenzi mwenzake, Amanda, ni za kuunga viraka, na maigizo ya askari wapelelezi ni ya mbao. Watazamaji nao hawakuja: iliingiza mapato machache kuliko zote tano zilizoitangulia. Oktoba ile ile walikuwa wamekimbilia Paranormal Activity, iliyogharimu takriban dola 15,000 na isiyokuwa na damu ya kutajika. Wenye kiwanda hawakujifunza kuwa damu pekee haitoshi; mwaka uliofuata walileta miwani.

Tuje sasa kwenye ya kumi, ambako tunatarajia wengi wa wasomaji watatuacha. Saw X nayo imeelekezwa na Greutert, ingawa waandishi ni wengine, Josh Stolberg na Pete Goldfinger. Inarudi nyuma, kati ya matukio ya filamu ya kwanza na ya pili. Kramer anasafiri hadi Mexico kutafuta tiba ya saratani iliyotangazwa kuwa ya ajabu, analipa, anaamka akiamini amepona, na anagundua kuwa hakufanyiwa upasuaji wowote. Anawakamata matapeli mmoja mmoja. Imesifiwa kwa kuwa, hatimaye, imempa Kramer utu. Kwa kuwa Tobin Bell, aliyezaliwa 1942, amepewa nafasi ya kuigiza badala ya kusikika katika kaseti. Sifa hiyo ya uigizaji ni ya haki na hatuipunguzi hata chembe. Nusu saa ya kwanza, ya mzee mgonjwa anayethubutu kutumaini, ina uzuri wake, na mashaka ya Amanda kuhusu adhabu ya Gabriela, msichana aliyeharibiwa na dawa za kulevya kama yeye, yanagusa.

Tatizo ni utu huo umenunuliwa kwa nini. Katika filamu zote zilizotangulia mtazamaji aliketi pamoja na aliyefungwa. Alimwogopa aliyeweka kaseti hata alipokubaliana naye. Saw X inamketisha na aliyeifunga mitambo. Mtego wa kwanza kabisa tunaouona ni wa kufikirika tu: Kramer anamwona mhudumu wa hospitali akikaribia kumwibia mgonjwa, anauwazia mtego, na mhudumu anapoacha kuiba mtego unayeyuka. Tumeingizwa ndani ya kichwa chake tangu dakika za mwanzo na hatutolewi tena. Na ili tukae humo bila kusumbuka, waliofungwa wamefanywa watu ambao hatuwezi kuwahurumia: wezi wa matumaini ya wagonjwa. Swali lililoubeba mfululizo kwa karibu miaka ishirini, nani amempa mtu huyu kiti cha hakimu, limejibiwa: wamempa wao, kwa kumtapeli. Swali likijibiwa hivyo, mitego inabaki kuwa malipo tu.

Wanaoita hili upya watuambie upya wake uko wapi. Mtenda haki aliyedhulumiwa anayewarudi waovu mmoja mmoja ni umbo kongwe kuliko sinema. Kwa kuwa hadithi imerudishwa nyuma, hakuna kinachoweza kubadilika: tunajua Kramer atakufa wapi, tunajua Amanda atamsaliti vipi. Ya sita ilikikabili kifo cha mwalimu na kuuliza kama fundisho linaweza kuishi bila yeye. Ya kumi inakikimbia kifo hicho kwa kuigeuza kalenda.

Kuna jambo zito zaidi, na ndilo lililotufanya tuandike. Katika filamu zote mbili wadogo wanakufa kwa makosa ya mkubwa. Katika ya sita, karani, wakili na wale wa pembea wanakufa, na filamu inajua hivyo. Imejengwa ili tuone kuwa kanuni ya Easton ndiyo inayowaua, na inamlazimisha awatazame. Katika ya kumi, matapeli wakubwa ni raia wa Norway, Cecilia Pederson, na mwenzake Parker. Waliobaki, Mateo, Valentina, Gabriela na Diego, ni watu wa Mexico waliokodiwa kuvaa mavazi ya hospitali. Hao ndio wanaojikata miguu, wanaojitoboa fuvu, wanaojichana mikono. Mmoja tu ndiye anayefaulu mtihani na kubaki hai. Cecilia, aliyeubuni utapeli wote, anafika mwisho wa filamu akiwa bado anapumua. Je, filamu inalijua hilo? Hatuoni dalili. Hakuna anayedai atazamwe usoni. Hakuna kanuni inayoshtakiwa. Vibarua wamelipa, bosi amenusurika, na wahakiki wamesema kuwa mfululizo umekomaa.

Tunafahamu kwamba tangu David Edelstein alipozipa filamu za namna hii jina la ponografia ya mateso mwaka 2006, imekuwa rahisi kuzitupa zote katika kapu moja. Jina lile lina ukweli, lakini limetuzuia kutofautisha. Lingetufaa zaidi kama lingetumika pale mateso yanapotolewa bila swali, na kwa kipimo hicho filamu inayolistahili zaidi ni hii iliyosifiwa kwa kuwa na moyo kuliko ile iliyopuuzwa kwa kuwa na namba sita.

Mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya mfululizo huu angeweza kuanzia kwa watoto wawili. Kijana wa Abbott anauvuta wenzo, anamuua mtu, na kamera inabaki na uso wake na wa mama yake kwa muda wa kutosha kutufanya tutamani asingefanya vile. Carlos, mtoto wa Mexico katika ya kumi, amefungwa katika mtambo pamoja na Kramer, amemwagiwa damu usoni hadi karibu azame ndani yake. Kisha anatoka nje akiandamana na Kramer na Amanda, wauaji wawili, na tunatarajiwa tufurahi kwamba amepata walezi.